Kuvua Stajeni kwa Kayaki katika Msimu Mfupi wa Septemba: Mwongozo Kamili wa Mto Chippewa, Wisconsin

Kila mwaka, kuanzia Jumamosi ya kwanza ya Septemba hadi tarehe 30 ya mwezi huohuo, jimbo la Wisconsin nchini Marekani huwaruhusu wavuvi wa ndoano kutwaa stajeni wa ziwani, samaki mkubwa wa maji baridi aitwaye kwa Kiingereza lake sturgeon, katika baadhi ya mito yake, zikiwamo sehemu za mito Chippewa, Flambeau, Jump, Wisconsin na Menominee. Mvuvi mmoja anaruhusiwa samaki mmoja tu kwa msimu mzima, na samaki huyo sharti awe na urefu usiopungua inchi 60, yaani sentimita 152 na ushei. Wengi humaliza mwezi mzima mtoni bila kumpata wa kipimo hicho, ingawa wamewanasa wadogo wengi na kuwarudisha majini.

Mwongozo huu unamhusu mvuvi wa kayaki, yaani chombo chembamba kiendeshwacho kwa kafi. Kayaki hupita mahali penye maji ya magoti, haina kelele, haihitaji gati la kushushia boti, na kwa kuwa haina injini, sheria ya Wisconsin haidai isajiliwe. Ina upungufu mmoja mkubwa: huwezi kumpakia ndani yake samaki hai wa kilo 20 au zaidi, anayejipinda kwa nguvu zote, kisha ukabaki umekaa salama. Ndiyo maana ninashauri siku ya uvuvi ipangwe kwa kuanzia mwisho. Kabla hujachagua shimo la kutega, chagua fungu la mchanga ambalo utamfikishia samaki, ukampima, ukamwachia au ukamtwaa. Mambo mengine yote, kuanzia nanga hadi uzito wa uzi, yafuate uamuzi huo.

Nimechukua sehemu ya chini ya Mto Chippewa kuwa mfano. Chini ya bwawa la Dells lililoko mjini Eau Claire, mto huu hauzuiwi tena na bwawa lolote hadi unapomwaga maji yake katika Mississippi, mwendo wa karibu kilomita 95 kwa kufuata mto. Una mafungu mengi ya mchanga, una mashimo kwenye mapindo yake, na una miji midogo kama Durand ambako mtu anaweza kuacha gari na kushusha chombo.

Samaki mwenyewe

Stajeni wa ziwani ni samaki wa ukoo wa kale sana. Mifupa yake kwa sehemu kubwa ni gegedu, mwili wake hauna magamba ya kawaida bali safu tano za mabamba ya mfupa, na mdomo wake usio na meno uko upande wa chini, ukitanguliwa na masharubu manne anayoyatumia kupapasa sakafu ya mto. Akigusa lava wa wadudu, konokono au kamba wa maji baridi, mdomo hutoka nje mithili ya bomba na kumfyonza. Umbo hilo la mdomo ndilo linaloamua jinsi ya kumtegea: chambo kilale chini kabisa, wala kisiwe na uzito unaohisika wakati samaki anapokifyonza.

Dume huweza kuishi takriban miaka 55, na jike huweza kufikia miaka 150. Jike huchelewa sana kukomaa. Kwa kawaida hutaga mayai kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 20 hadi 25, na baada ya hapo hupitisha miaka kadhaa kati ya utagaji mmoja na mwingine. Katika karne ya 19 wavuvi wa Maziwa Makuu ya Amerika walimwona kuwa kero kwa sababu alirarua nyavu zao. Baadaye soko la nyama ya kuvuta moshi na la kaviari lilipofunguka, walimvua kwa pupa hadi akakaribia kwisha, huku mabwawa yakimfungia njia ya kwenda kutaga. Watu wa kabila la Wamenominee, ambao kila masika walikuwa wakimngojea kwenye maporomoko ya Keshena katika Mto Wolf, walimkosa huko kwa zaidi ya miaka mia moja kwa sababu ya mabwawa hayo. Kipimo cha inchi 60 kimekusudiwa kumpa jike nafasi ya kutaga walau mara moja kabla hajaweza kutwaliwa kihalali, na mvuvi anayelifahamu hilo hawezi kuichukulia futi yake kijuujuu.

Leseni, lebo na mipaka ya maji

Unahitaji vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni leseni ya kawaida ya uvuvi ya Wisconsin. Cha pili ni lebo ya mavuno ya stajeni inayotolewa na Idara ya Maliasili ya jimbo, ambayo kwa miaka ya karibuni imeuzwa kwa dola 20 kwa mkazi wa jimbo na dola 50 kwa asiye mkazi. Mwenye leseni peke yake anaweza kuvua na kuachia wakati wa msimu, lakini akimpata samaki wa inchi 70 na hana lebo, hana budi kumrudisha majini papo hapo. Chapisha lebo kwenye karatasi, itie ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika vizuri pamoja na kalamu na kipande cha kamba, na uufunge mfuko huo kwenye jaketi unalovaa. Picha ya lebo kwenye simu haiwezi kufungwa kwenye samaki.

Soma orodha ya maji yaliyofunguliwa mwaka huo kabla ya kutia kafi majini, kwa maana si kila sehemu ya mto uliotajwa inaruhusu kutwaa. Kwa mfano, Mto Menominee kuanzia chini ya bwawa la Hattie Street hadi Green Bay ni eneo la kuvua na kuachia tu. Samaki aliyenaswa kwa bahati mbaya ubavuni au mkiani naye hahesabiki. Sheria inataka arudishwe hata akiwa na urefu unaotosha.

Msomaji aliyekulia Kigoma, Uvira au Kalemie, na ambaye sasa anaishi Wisconsin au Minnesota, atakuta humu mengi anayoyajua tangu utotoni, kama vile kusoma mkondo, kupima kina kwa chubwi (kile kizito cha kuzamishia mshipi), na kusubiri bila kuchoka. Jambo atakalolazimika kulizoea ni kwamba hapa maafisa wa wanyamapori hukagua kweli, mtoni na kwenye maegesho, na kauli kwamba hukuijua sheria haikuondolei faini.

Chombo na mavazi

Chagua kayaki ya kukalia juu, ile yenye matundu yanayojiondolea maji, yenye urefu wa mita tatu na nusu hadi nne na upana usiopungua sentimita 80. Kayaki nyembamba ya kuingiza miguu ndani ni nzuri kwa safari, lakini ikipinduka ni vigumu kuirudia katikati ya mto. Kabla ya msimu, nenda mahali penye maji yaliyotulia na kina cha kifua, jipindue kwa makusudi, kisha upande tena ukiwa umevaa mavazi yaleyale utakayovulia. Rudia zoezi hilo hadi uweze kupanda bila kufikiri.

Jaketi okozi livaliwe na lifungwe muda wote. Sheria inadai liwemo chomboni, lakini jaketi lililowekwa nyuma ya kiti halimsaidii mtu aliyevutwa upande mmoja na samaki. Kisu kifupi kiwe kifuani, mahali ambapo mkono wowote unaweza kukifikia, maana hicho ndicho kitakachokata amari, yaani kamba ya nanga, ikikwama. Beba filimbi, simu ndani ya mfuko usioingiza maji, na taa nyeupe kwa ajili ya alfajiri na magharibi. Asubuhi za Septemba huwa na ukungu mzito juu ya mto, na nguo za pamba zikilowa humpoza mtu upesi. Vaa sufu au vitambaa vya sintetiki. Mwachie mtu wa nyumbani maandishi yanayoeleza unashukia wapi, unatokea wapi, na saa ngapi atoe taarifa asipokusikia.

Nanga: sehemu inayodai uangalifu kuliko zote

Ajali nyingi za kayaki za mtoni zinazohusu nanga hutokea kwa namna moja. Amari inafungwa ubavuni, mkondo unaigeuza kayaki ikae kingamo, maji yanaupanda ubavu wa juu, na chombo kinapinduka kwa kufumba na kufumbua. Kwa hiyo amari isifungwe ubavuni kamwe. Ivutwe ama kutoka omoni (mbele ya chombo) ama kutoka tezini (nyuma yake), kwa kutumia kamba ya mzunguko inayopita kwenye roda mbili ndogo, moja karibu na omo na nyingine karibu na tezi. Pete iliyofungwa kwenye kamba hiyo ndiyo inayoshika amari, nawe ukiwa umekaa unaweza kuisogeza hadi mwisho wa chombo.

Katika mkondo wa polepole, nanga ya tezini inafaa zaidi, kwa kuwa unabaki ukitazama chini ya mto, yaani kule maji yanakoelekea, ambako mishipi yako iko. Maji yakianza kujikusanya nyuma ya kiti, hiyo ni dalili kwamba mkondo umezidi nguvu na inafaa uondoke. Kipimo ninachokitumia ni jani linaloelea: likienda kasi kuliko mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida ukingoni, usitie nanga hapo.

Nanga ya kukunja yenye mikono minne na uzito wa kilo moja na nusu inatosha kwenye mchanga na changarawe. Funga amari kwenye kitako cha nanga, kisha ishikize kwenye pete ya juu kwa kibanio chembamba cha plastiki. Nanga ikinasa chini ya gogo, mvuto mkali utakikata kibanio, nayo itageuka na kutoka kinyumenyume. Urefu wa amari uwe mara tano ya kina, hivyo kwa shimo la mita tano chukua mita 25.

Mwisho wa amari uliopo chomboni usifungwe kwa fundo. Uubane kwenye kibanio cha kuachia, na mbele yake ufunge boya dogo la rangi kali. Samaki anaponasa, kazi yako ya kwanza ni kuvuta kibanio hicho na kutupa boya majini. Nanga inabaki chini, boya linaonyesha ilipo, nawe unakuwa huru kumfuata samaki. Jizoeze tendo hilo kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukiwa umeshika ufito, kwa sababu ndivyo litakavyokuja.

Ufito, uzi na chubwi

Samaki huyu hahitaji zana za kifahari, lakini zana dhaifu humuumiza, maana humlazimisha kupambana muda mrefu hadi aishiwe nguvu. Chukua ufito mzito wa mita 2.1 hadi 2.3, ili uweze kuuzungusha mbele ya omo samaki anapovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Rili iwe na breki laini, yaani inayoachia uzi bila kukwamakwama. Uzi mkuu uwe wa kusokotwa wenye nguvu ya ratili 65 hadi 80.

Mpangilio wenyewe ni mwepesi. Pitisha uzi mkuu ndani ya chubwi bapa lenye tundu, kisha ndani ya ushanga, halafu ufunge kwenye pete ya kuzungukia. Upande wa pili wa pete funga kipande cha uzi mnene wa nailoni wa ratili 60 hadi 80, chenye urefu wa sentimita 30 hadi 45, na mwisho wake ndoano. Chubwi bapa halibingirishwi na mkondo, na kwa kuwa linateleza juu ya uzi, samaki anaweza kuvuta chambo bila kuhisi uzito. Gramu 85 zinatosha kwenye maji yaliyotulia, na kwenye ukingo wa mkondo huenda ukahitaji hadi 225.

Ndoano iwe ya duara, yenye ncha iliyopinda kuelekea shina lake, ya namba 5/0 hadi 8/0. Ndoano ya namna hii hushika pembeni mwa mdomo na ni nadra kumezwa. Bana kile kijino kilicho karibu na ncha kwa koleo hadi kilale. Samaki akivutwa bila kulegezewa uzi hatoki, na wakati wa kumwachia ndoano itatoka kwa sekunde chache. Ufito mmoja kwa kayaki unatosha. Sheria inaruhusu zaidi, lakini mishipi miwili na samaki mmoja mkubwa kwenye chombo kidogo huzaa mafundo, na fundo kwenye uzi wa ratili 80 lililozunguka mguu ni hatari ya kweli.

Chambo bora ni nyungunyungu wakubwa, wanne au watano kwenye ndoano moja, wakiwa wamechomwa katikati ili mikia yao icheze. Ncha ya ndoano ibaki wazi. Vipande vya samaki mdogo navyo hufaa, hasa pale samaki waharibifu wadogo wanapowamaliza nyungunyungu. Badilisha chambo kila baada ya nusu saa hivi hata kama hakijaguswa, kwa kuwa harufu ndiyo inayomwita stajeni, nayo huisha.

Kuusoma mto na kuchagua fungu

Siku moja kabla, tazama vipimo vya maji. Shirika la Jiolojia la Marekani lina kituo cha kupima mto huu mjini Durand, na takwimu zake huonekana mtandaoni saa zote. Mabwawa ya umeme yaliyo juu ya Eau Claire huweza kubadilisha kina ndani ya saa chache, na maji yanayopanda huja na magogo. Ukiona kipimo kinapanda, ahirisha. Kaa mbali na sehemu iliyo moja kwa moja chini ya bwawa lolote, ambako maji hujirudia na kumzungusha mtu chini hata akiwa amevaa jaketi.

Mwezi Septemba stajeni hupenda kukaa kwenye mashimo yaliyo nje ya mapindo, kwenye mstari ambapo maji ya kasi yanakutana na maji ya polepole, na chini kidogo ya mahali kijito kinapoingia. Pita juu ya pindo polepole ukipima kina, kwa kifaa cha sauti au kwa chubwi lililofungwa kwenye kamba yenye alama. Shimo linalotoka mita mbili na kushuka ghafla hadi mita nne au tano linastahili kujaribiwa. Mara nyingi utawaona wenyewe: stajeni huruka juu ya maji mwili mzima, kisha huanguka kwa kishindo kinachosikika mbali.

Sasa tazama chini ya shimo hilo. Je, ndani ya mita mia tatu kuna fungu la mchanga lenye mteremko wa polepole, lililo upande wa maji tulivu, lisilo na magogo kati yake na shimo? Kama lipo, tia nanga. Kama halipo, endelea kushuka hata kama shimo ni zuri kiasi gani. Samaki aliyenaswa atakuvuta kuelekea chini pamoja na mkondo, na hapo ndipo wengi wanapogundua kwamba kila ukingo ulio mbele yao ni mti ulioanguka, uliojaa matawi yanayochuja maji lakini yanayomnasa mtu na chombo chake.

Kutega na kutambua mguso

Tia nanga juu ya shimo, kisha urushe chambo kuelekea chini ya mto, ili kilale kwenye mdomo wa shimo au kwenye mteremko wake. Kaza uzi hadi ncha ya ufito ipinde kidogo tu, uuweke ufito kwenye kishikio kilicho mbele yako, na usiondoe macho kwenye ncha hiyo.

Mguso wa stajeni huwapotosha wavuvi wa samaki wengine kwa udogo wake. Ncha hutikisika mara mbili, polepole, kama uzi umeguswa na jani linalopita. Kisha hutulia, pengine kwa nusu dakika. Kisha huinama kidogo na kubaki imeinama, au uzi hulegea kabisa kwa sababu samaki ameinua chambo na kusogea kuelekea kwako. Usivute kwa nguvu kama unavyofanya kwa ndoano ya kawaida. Utoe ufito kwenye kishikio, uuelekeze kwa samaki, zungusha rili hadi uhisi uzito wake wote, kisha uinue ufito taratibu bila kusita. Ndoano ya duara itajigeuza yenyewe na kushika.

Mapambano

Achia nanga mara moja, kabla ya kuwaza jambo lingine lolote. Kisha hakikisha samaki yuko mbele ya omo. Mradi anavuta kutoka mbele, kayaki itamfuata na haitapinduka, na uzito wa chombo wenyewe utamchosha. Akipita ubavuni, uzungushe ufito juu ya omo na ugeuze chombo kwa kafi upande wa mkono ulio huru. Akipita chini ya chombo, chomeka ncha ya ufito majini hadi uzi upite bila kukwaruza, kisha umfuate. Usijifunge kamba ya ufito mwilini, na usifunge breki ya rili hadi mwisho. Iwe legevu kiasi kwamba samaki akikimbia uzi unatoka kabla kayaki haijaanza kulala ubavu.

Samaki wa inchi 60 huweza kukukokota kwa nusu saa. Katika siku za joto za mwanzo wa Septemba, maji yakiwa bado ya uvuguvugu, fupisha mapambano kadiri zana zinavyoruhusu, kwa maana samaki aliyechoka kupita kiasi huweza kufa baada ya kuachiwa hata kama aliondoka akiogelea. Tumia kila anapotulia kusogea kuelekea fungu ulilolichagua.

Kupima

Kabla ya msimu, bandika vipande viwili vya mkanda wa rangi ubavuni mwa kayaki, juu kidogo ya mstari wa maji, vikiwa vimeachana inchi 60 kamili. Samaki anapolala ubavuni mwa chombo kwa mara ya kwanza, alama hizo hutoa jibu la awali. Akiwa mfupi waziwazi, hakuna sababu ya kumfikisha mchangani: shika shina la ndoano kwa koleo refu, ligeuze, naye ataondoka bila kuguswa na mkono. Wengi wataondoka kwa njia hiyo, na hayo ndiyo mafanikio ya kawaida ya siku.

Akikaribia alama, nenda kwenye fungu. Shuka maji yakiwa chini ya magoti, vuta kayaki juu ya mchanga ili isikukimbie, umshike samaki kwa mkono mmoja penye shina la mkia na mkono mwingine chini ya kifua. Usiingize vidole kwenye matamvua, usimwinue kwa taya, na usitumie kulabu. Laza futi ngumu iliyonyooka kando yake, majini humohumo. Urefu unaotakiwa ni kutoka ncha ya pua, mdomo ukiwa umefungwa, hadi mwisho wa mkia uliobanwa, kwa mstari ulionyooka. Futi ya kitambaa inayopita juu ya mgongo huongeza urefu usiokuwepo. Inchi 59 na nusu ni samaki wa kurudishwa.

Kagua pia kama ana kipande cha chuma au plastiki chenye namba karibu na pezi. Watafiti huweka alama hizo ili kufuatilia ukuaji na safari zake. Andika namba, urefu na mahali, kisha uipelekee Idara ya Maliasili, hata kama samaki umemwachia.

Hata aliyetimiza kipimo si lazima atwaliwe. Maoni yangu ni kwamba anayetaka nyama amchukue aliyepita inchi 60 kidogo, na amwachie yule mkubwa sana. Stajeni wakubwa kupindukia wengi wao ni majike, na ndani ya samaki kama huyo mna mayai ya miaka mingi ijayo. Rekodi ya Wisconsin ya ndoano, samaki wa ratili 170 na aunsi 10 aliyevuliwa Yellow Lake mwaka 1979, haina haja ya kuvunjwa ndipo siku yako iwe njema.

Kumwachia

Mwelekeze kichwa kwenye mkondo, umtegemeze bila kumbana, na usubiri. Usimsukume mbele na nyuma. Maji yapite kwenye matamvua kwa njia yake ya kawaida. Mkia utaanza kupiga wenyewe, kwanza kwa ulegevu, kisha kwa nguvu. Mwachie pale atakapojinyakua mikononi mwako. Picha, ukiitaka, ipigwe samaki akiwa majini.

Kumtwaa, kumsajili na kumwandaa

Ukiamua kumtwaa, uamuzi ni wa mwisho. Thibitisha lebo papo hapo kwa kufuata maelekezo yaliyochapishwa juu yake, na uifunge kwenye samaki kabla hujasogea. Hairuhusiwi kumfunga hai kwa kamba huku ukingoja mkubwa zaidi. Muue haraka kwa pigo zito la rungu juu ya kichwa, kata matamvua ili damu itoke, kisha umfunge kwa kamba mbili juu ya sehemu ya mbele ya kayaki, uzito ukiwa katikati. Ukiona chombo kinayumba, mvute nyuma yako majini kwa kamba iliyozungushwa kwenye shina la mkia, au utembee ukingoni ukikokota kayaki.

Samaki apelekwe kwenye kituo cha usajili kilichoteuliwa kabla ya saa 12 jioni ya siku inayofuata. Mwache mzima hadi hapo, akiwa juu ya barafu. Ulizia mapema kituo kilicho karibu na mahali utakapotokea na saa zake za kazi, hasa ukivua Jumapili.

Nyumbani, kata duara kuzunguka shina la mkia hadi ufikie gegedu, uzungushe mkia, na uvute. Uti wa gegedu hutoka mzima kama kamba nyeupe. Chuna ngozi, uondoe mafuta ya manjano na nyama nyekundu ya ubavuni. Huko ndiko kemikali za viwandani ziitwazo PCB zinakojikusanya katika samaki walioishi muda mrefu. Zebaki hukaa ndani ya nyama yenyewe, na haiondoki kwa kukatwa wala kwa kupikwa. Kwa hiyo soma ushauri wa jimbo kuhusu kiasi cha kula, hasa kwa wajawazito na watoto. Kuuza nyama au mayai yake ni kosa la jinai.

Nyama iliyobaki ni ngumu, nyeupe, isiyo na miiba. Ikatwe vipande vinene, ilale usiku kucha katika maji ya chumvi, kisha ivutwe moshi wa mti wa mtufaha kwa moto wa chini hadi rangi iwe ya dhahabu. Isiyokaushwa inafaa sana kwa mchuzi wa nazi wenye ndimu na pilipili, ikitiwa mwishoni nazi ikishaanza kuchemka, na kuepuliwa baada ya dakika chache, kwa sababu ikikaa motoni muda mrefu hukauka.